Sauti ya Mwali: Malezi ya Wasichana katika Historia ya Pwani

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Pate na Lamu hadi Mombasa, Unguja, Bagamoyo na Kilwa, msichana aliyevunja ungo alihesabiwa kuwa ameuaga utoto siku ileile. Kabla ya hapo alicheza uani na ndugu zake wa kiume, alitumwa dukani, na asubuhi alikwenda chuoni kusoma Kurani. Baada ya hapo aliitwa mwali, na maisha yake yakawa na masharti mapya: aende wapi, aonekane na nani, aseme na nani na kwa sauti gani. Kipindi hicho cha kati ya kuvunja ungo na kuolewa kilikuwa kifupi, pengine miezi michache tu, lakini ndicho kilichoamua mengi. Hapo ndipo msichana alipofundishwa kunyamaza mbele ya wanaume na wakubwa, na hapohapo, ndani ya vyumba vya wanawake, ndipo alipofundishwa lugha ambayo angeitumia baadaye. Jambo moja linajitokeza kila mahali katika historia hii. Mwanamke wa pwani hakukosa sauti, ila sauti hiyo ilikuja na umri. Kungwi, yaani mwanamke mwenye kumfunda mwali, aliisema, mjane aliisema, mtalaka aliisema, lakini mwali mwenyewe hakuulizwa.

Katika karne ya 19 wasichana hawakuwa wa namna moja. Binti wa muungwana alitawishwa, yaani aliwekwa ndani asionwe na wasio maharimu zake mpaka siku ya kutolewa nje kwa ndoa. Huko Lamu, bibi wa nyumba kubwa alipolazimika kupita njiani alifunikwa kwa shiraa, hema ya kitambaa iliyochukuliwa na watumwa wake, akatembea ndani yake asionekane. Wajakazi hao waliochukua shiraa walikuwa na mabinti pia. Mabinti hao walichota maji, waliuza vitu sokoni, walipita njia zote za mji na kusema na kila mtu, kwa kuwa hakuna aliyewahesabu kuwa na heshima ya kulindwa. Uhuru wao wa kutembea ulikuwa sehemu ya utumwa wao, na haifai kuupamba. Mwenye kuwamiliki aliweza kuwafanya masuria bila ya kuwauliza wao wala mama zao. Hata hivyo, tofauti hiyo inaeleza kwa nini baadaye wanawake wa kwanza kusikika hadharani walitoka upande wa watu wa chini.

Elimu ya chuoni iliwafikia wasichana wengi wa kiungwana, lakini kwa kipimo. Walifundishwa kuisoma Kurani, na waliohitimu walifanyiwa sherehe. Kuandika lilikuwa jambo jingine. Wazee wengi waliona kwamba msichana anayejua kuandika ataandikiana barua na wanaume. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyojifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo haukubaki mchezo. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua Sultani Majid, Salme aliyekuwa na umri wa miaka 15 ndiye aliyekuwa karani wa njama ile, akiandika barua za kuwataka watu wajiunge nayo. Njama ilishindwa. Miaka saba baadaye aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani. Wasichana wengine wa jumba la Sultani huko Mtoni hawakuacha maandishi yao, kwa hiyo mengi ya maisha yao hujulikana kupitia kalamu moja iliyojifunza kwa siri.

Mwaka mmoja kabla ya njama hiyo, huko kaskazini, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wa kumwusia bintiye, Mwana Hashima. Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana kwa miaka mingi na utawala wa Unguja, na alipotunga alikuwa mgonjwa. Utendi huo wa mwaka 1858 unamfundisha msichana dini, adabu, unadhifu na namna ya kumtunza mume. Wasomaji wengi wa leo wanauona kuwa kitabu cha utiifu, na kweli utiifu umejaa humo. Lakini ni haki kuutazama pia kwa upande wa aliyeutunga. Mama huyu alijitaja jina lake, alitaja mwaka wa utunzi, na aliwaalika wanawake wengine wausome. Alikuwa amezoea siasa za mji uliokuwa vitani, na mausia yake yanaonyesha anajua mwanamke ana uwezo gani ndani ya nyumba na jinsi ya kuutumia bila ya kuutangaza. Mwana Hashima katika utendi huo ni msikilizaji tu. Anaambiwa akae karibu na alete wino na karatasi, lakini neno lake halisikiki.

Mafunzo ya wali wengi hayakuwa ya maandishi. Yalikuwa ya unyago. Mila hii ilikuja pwani kwa sehemu kubwa na wanawake waliotekwa au kununuliwa kutoka Bara, hasa kutoka kusini mwa Tanganyika na pande za Ziwa Nyasa: Wayao, Wamakonde, Wamakua, Wangindo na wengine. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeandika habari za desturi za Waswahili zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1903, anaonyesha kwamba wakati huo mambo ya mwali na kungwi wake yalikuwa yamekwisha kuwa sehemu ya maisha ya pwani. Katika nyumba za waungwana, mara nyingi kungwi wa binti alikuwa mjakazi wa nyumba hiyo. Hapo mpangilio wa mamlaka uligeuka kwa muda: mwenye nyumba mdogo alimwinamia mtumwa wake mkubwa, akamwita somo, na heshima hiyo ilibaki baina yao maisha yote.

Katika unyago wenyewe wanaume na watoto walizuiwa. Mwali aliwekwa ndani, akafundishwa kwa nyimbo, kwa mizungu, kwa ngoma ya msondo na kwa vitendo. Alifundishwa kujitunza wakati wa hedhi, kuwaheshimu wakubwa, kutunza siri za nyumba, kuishi na mume na wakwe, na mambo ya unyumba ambayo mama mzazi hakuruhusiwa kuyasema kwa bintiye. Nyimbo zilikuwa za mafumbo, na aliyekosa kuelewa alirudishiwa mpaka aelewe. Mwenye kiburi aliadhibiwa. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mafunzo haya ilimwandaa msichana kwa ajili ya raha ya mwanamume, na wengine waliyapata wakiwa bado watoto. Lakini pembeni mwa hayo mwali aliona jambo ambalo hakuliona penginepo: kundi la wanawake linaloongozwa na wanawake, lenye vyeo, ada na siri zake, ambamo wakubwa walisema wazi wazi bila ya kumwogopa mtu. Makungwi walikuwa na ngazi zao, na hakuna aliyepanda bila ya kujifunza kwa miaka mingi. Mwanamke aliyepitia humo alijua kuimba kwa fumbo, kujibu kwa fumbo na kuwapanga watu kwa ngoma.

Utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Waliokuwa watumwa walihamia mijini kwa wingi, na huko Unguja walijaza Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa mawe. Mavazi yalibadilika kwanza. Mama aliyevaa kaniki na merikani za kazi sasa alinunua kanga zenye rangi, na baadaye buibui, vazi la kujifunika ambalo hapo nyuma lisingekuwa lake. Kanga zilipoanza kuandikwa maneno, zilimpa mwanamke njia ya kumsema jirani, mke mwenza au mume bila ya kufungua kinywa. Unyago nao ulizidi kupanuka. Ndani ya Ng'ambo wasichana wa makabila na asili mbalimbali walichezwa pamoja, na usomo uliwaunganisha wanawake ambao ukoo usingewaunganisha.

Mombasa, Lamu na Unguja, na baadaye Dar es Salaam, ziliingiwa na vyama vya lelemama. Hii ilikuwa ngoma ya wanawake ya taratibu, wachezaji wakisimama safu moja kwa sare, na ilifuatana na mashindano makali. Chama kimoja kilipofanya karamu, cha pili kilijibu kwa karamu kubwa zaidi. Nyimbo zilitungwa kumtaja aliyevunja adabu, mume mchoyo, mwanamke aliyemdhulumu mwenzake, na mji mzima uliziimba kabla ya wiki kwisha. Vyama vilikuwa na viongozi wenye vyeo, michango, faini, na wajibu wa kuuguzana na kuzikana. Waume wengi wa kiungwana hawakupenda wake zao wajiunge, na masheikh walizikemea ngoma hizi mara kwa mara. Walijiunga hata hivyo. Kwa wanawake ambao hawakuwahi kuingia darasani, lelemama ilikuwa mahali pa kujifunza kutunza hesabu, kuongoza mkutano, kutunga hoja na kukubali kushindwa. Mwali hakuongoza chama, lakini alikuwapo, akisikiliza na kujifunza nyimbo akiwa nyuma ya mama yake.

Aliyezivusha nyimbo hizi kutoka uani na kuzipeleka mbele ya wanaume na mashine za kurekodi alikuwa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia ya watumwa, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Utotoni aliuza vyungu vilivyofinyangwa nyumbani kwao, akivinadi kwa sauti njiani. Hakusoma chuoni kama mabinti wa kiungwana. Alipohamia mjini mwanzoni mwa miaka ya 1910 alifundishwa muziki na matamshi ya Kiarabu, akaanza kuimba na kikundi cha wanaume, akaalikwa nyumba za matajiri na jumba la Sultani. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na baada ya hapo taarabu ya Kiswahili ilisikika kutoka Unguja mpaka mbali bara. Jambo la maana kwa historia ya wasichana ni yale aliyoyaimba. Pamoja na mapenzi, aliimba kesi zilizozungumzwa Ng'ambo, mahakimu walioonea na wanaume waliotesa wanawake. Wimbo wake kuhusu Kijiti, aliyemwua mwanamke mgeni kisha akatoroka, ulikuwa hukumu ya mtaa juu ya jambo ambalo mahakama haikulitendea haki. Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, ambao ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya Kiswahili kueleza maisha ya mwanamke aliyetoka chini kabisa.

Shule za aina mpya zilianza kwa mabinti ambao hawakuwa na wa kuwazuia. Wamisionari wa Kianglikana walifungua shule ya wasichana Mbweni, nje kidogo ya mji wa Unguja, katika miaka ya 1870, kwa ajili ya watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Caroline Thackeray aliiongoza kuanzia mwaka 1877, na wengine waliosoma hapo wakawa walimu katika vituo vya misheni. Familia za Kiislamu hazikuwa tayari kuwapeleka mabinti zao kwa wamisionari, na kwa miaka mingi serikali ya kikoloni haikuona haraka. Shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927. Wazazi walikuwa na maswali ya maana: nani atafundisha, binti atapitaje njiani, dini itasomwa au la. Shule ilijibu kwa kuweka walimu wanawake, somo la dini, mapishi na ushoni, na hivyo ikapata wanafunzi. Huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliandika katika miaka ya 1930 kwamba kumnyima msichana elimu kulikuwa udhaifu wa Waislamu wenyewe wala si agizo la dini, na neno la sheikh lilikuwa na uzito ambao neno la afisa wa Kiingereza halingeweza kuwa nao.

Shule ilibadilisha umri. Msichana aliyekuwa akitawishwa na kuozwa mara moja baada ya kuvunja ungo sasa aliweza kubaki darasani miaka miwili au mitatu zaidi. Katika miaka hiyo alipata jambo ambalo mwali hakuwa nalo: kalamu yake, marafiki wa rika lake wasio wa ukoo, na kazi ya kutarajia, hasa ualimu na uuguzi. Waliofaidika walikuwa wachache. Mtu anayeisoma historia hii kupitia shule peke yake huwaacha nje wasichana wengi wa pwani, na hawezi kueleza kilichotokea Dar es Salaam mwaka 1955.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alisoma mpaka darasa la nne. Alipobalehe aliwekwa ndani, na akiwa na umri wa miaka 14 hivi aliozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Ndoa hiyo haikudumu. Akiwa mtu mzima alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. TANU, chama cha kudai uhuru wa Tanganyika, kilipoanzishwa mwaka 1954 alichukua kadi namba 16, na mwaka uliofuata, chama kilipohitaji tawi la wanawake, yeye ndiye aliyepewa kazi hiyo. Hakuanza na wanawake waliosoma. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, akawaeleza, nao wakawaita wanawake wao. Katika muda wa miezi michache takriban wanawake 5,000 walikuwa wamejiunga.

Kasi hiyo iliwashangaza wanaume wa chama, lakini sababu zake zilikuwa wazi kwa mtu anayeujua mji. Vikundi vilikuwa na orodha, michango, sare, nyimbo na nidhamu tayari. Pia wengi wa wanawake hao walikuwa watu wazima, baadhi yao watalaka, waliojitegemea kwa biashara ndogo za chakula na pombe. Desturi ya pwani ilikuwa kwamba ndoa ya kwanza ni ya wazazi. Baada ya talaka mwanamke alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kujiamulia aolewe na nani, akae wapi na atoke saa ngapi. Kwa hiyo jeshi la wanawake wa TANU lilikuwa la wale waliokwisha kumaliza kuwa wali. Bibi Titi alihutubia mikutano nchi nzima, akawa mbunge na waziri mdogo, na mwaka 1962 akaongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Mwaka 1969 alikamatwa, akahukumiwa kwa uhaini, na kuachiwa mwaka 1972. Alifariki mwaka 2000. Mombasa nako miaka ya 1950 ilileta vyama vipya vya wanawake wa Kiislamu vilivyodai shule na haki ya kura, na ndani yake walikaa pamoja wasomi wa kwanza wa shule na wakongwe wa lelemama.

Uhuru ulifungua shule, lakini haukumpa msichana neno la mwisho juu ya maisha yake. Zanzibar ilitangaza elimu bure mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, na mabinti wa mashamba ya Unguja na Pemba waliingia madarasani kwa wingi kuliko wakati wowote. Serikali hiyohiyo, mwaka 1970, iliwalazimisha wasichana wenye asili ya Kiajemi kuolewa na wakubwa wa Baraza la Mapinduzi. Lilikuwa tendo la aibu, na lilionyesha kwamba mtu aliyemwondolea baba mamlaka juu ya binti anaweza kuyachukua mwenyewe. Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisifiwa kwa kuweka ndoa za dini, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja. Hata hivyo iliweka umri wa kuoa kwa mvulana kuwa miaka 18 na wa kuolewa kwa msichana kuwa miaka 15, mradi mzazi aridhie. Mwali akabaki pale alipokuwa: wengine wanaridhia kwa niaba yake. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza mwaka 1977, iliwafanya wasichana kukaribia nusu ya wanafunzi wa shule za msingi, lakini aliyepata mimba alifukuzwa. Zanzibar ilikwenda mbali zaidi, kwani sheria ya mwaka 1985 iliruhusu mwanamke asiye na mume akipata mimba afungwe jela. Ilifutwa mwaka 2005.

Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake wa Tanzania waliunda chama chao, TAMWA, na jarida lao wakaliita Sauti ya Siti, kwa kumkumbuka muuza vyungu wa Fumba. Jarida lilizungumza juu ya ubakaji, mimba za shuleni na vipigo, mambo ambayo magazeti mengi yaliyaacha au kuyafanyia mzaha. Kampeni zao na za vyama vingine zilichangia kupatikana kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, iliyotoa adhabu kali kwa wanaowaharibu watoto.

Vifungu vya ndoa vya mwaka 1971 vilibaki. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana aliyeanzisha Msichana Initiative, alivipinga Mahakama Kuu, akidai kuwa vinambagua msichana. Mahakama ilikubali kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha katiba. Serikali ilikata rufaa, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba umri tofauti unalinda mila na dini. Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo Oktoba 2019. Maana yake ni kwamba ridhaa ya ndoa inatakiwa kuwa ya msichana mwenyewe, akiwa amefikia umri wa kuitoa, na baba au mlezi hatakiwi kuitoa badala yake. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shule. Tangu Machi mwaka huo nchi ilikuwa chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, aliyezaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1960.

Unyago haujakwisha. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, aliupiga msondo na kuwafunda wali wa Unguja mpaka uzeeni, huku akiimba taarabu katika majukwaa ya Ulaya na Asia. Alifariki mwaka 2013. Katika miji mingi ya pwani makungwi bado huitwa harusi inapokaribia, ila sasa anayefundwa mara nyingi ni mwanamke wa miaka ishirini na kitu, aliyemaliza shule, anayemjua bwana harusi wake na aliyemkubali kabla ya posa kufika nyumbani.